Chokaa ya Shamba la Kaka

Sogezeni viti, wanangu, sauti yangu haifiki tena mlangoni, na haya ninayotaka kuyasema sitaki kuyarudia. Dereva, mwanangu, hiyo simu itie mfukoni. Mkubwa wangu, niongezee mto mmoja mgongoni, hapo hapo, basi, inatosha. Na wewe, mwana wa kaka, mbona umesimama kizingitini kama mtu aliyekuja kuomba moto? Ingia. Kaa hapa kitandani, miguuni pangu. Aliyekuita ni shangazi yako, na chumba hiki bado ni chake.

Daktari amewaambieni huko nje kwamba moyo wangu umechoka, nami nimemsikia, maana ukuta huu ni mwembamba na yule bwana ana sauti kama ya mnadi. Hakusema uongo. Kwa hiyo leo nasema wosia wangu nikiwa na akili zangu zote, na atakayesimama kesho kudai kwamba mama alikuwa anaweweseka, aniulize sasa hivi swali lolote analotaka. Hakuna? Haya.

Wiki iliyopita, dereva, ulimleta hapa yule bwana mwenye viatu vinavyong'aa, akaketi kwenye kiti hicho ulichokalia, akaniita mama kabla hajanijua, akasema lile shamba la kule chini lingefaa sana kwa maghala. Nilinyamaza. Mkadhani nimekubali. Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa najiuliza hivi watoto wangu wanajua shamba hilo limetoka wapi, na nikaona hamjui, na kosa la kutojua si lenu, mlikuwa wadogo. Leo mtajua.

Babu yenu alikuwa mchoma chokaa. Alipoona umri umemwelemea aliwagawia watoto wake mali ingali mikononi mwake, akampa kaka yangu shamba lote, kuanzia barabarani mpaka kijitoni, na mimi akanipa tanuri. Tanuri lenyewe lilikuwa na ufa wa kupitisha mkono, na mafundi ujenzi walikuwa wameshaanza kupenda rangi za makopo. Watu walinionea huruma mbele ya uso wangu. Nilimfuata nikamwuliza, "Baba, nimekukosea nini?" Akasema, "Hujanikosea. Nimekupa kitu ninachokijua." Niliondoka nimefura, nikakaa siku nyingi bila kumpelekea hata maji ya kuoga.

Lakini nilikuwa mtoto wake. Niliuziba ule ufa kwa udongo wa kichuguu, nikajifunza kupanga mawe na kuni safu kwa safu mpaka moto upite usikwame, nikajifunza kulitambua jiwe lililoiva kwa wepesi wake mkononi. Mkubwa wangu, wewe unaijua ile furaha ya kulimwagia maji jiwe lililochomwa, likafoka, likapasuka, likatoa mvuke, halafu likaporomoka lenyewe likawa unga mweupe. Nimeishi na furaha hiyo maisha yangu yote, imenilishia watoto, imewajengea nyumba hii, na sijapata kumwonea wivu mwanamke yeyote mwenye kazi safi. Nilirudi nyumbani mweupe kuanzia nywele hadi vidole vya miguu, na kaka yangu akanipa jina la Majivu. Aliniita hivyo hata mbele ya wakwe zangu.

Kaka yangu, mwanangu, huyo baba yako, alikuwa mwanamume mrefu mwenye mwendo wa madaha, na shamba lake lilikuwa gumzo. Mahindi yake ukisimama barabarani huwezi kuona nyumba. Alilima kwa bidii, sitamnyima hilo. Lakini kila mwaka alitia mbolea ile ile moja, ile nyeupe ya chumvichumvi, kwa sababu ndiyo iliyomletea sifa mwanzoni, na kila mwaka mavuno yaliondoka na kitu ardhini ambacho mvua nazo zilikuwa zinakichukua kidogo kidogo, na hakuna aliyekirudisha. Udongo ukachachuka. Mtu haoni udongo ukichachuka. Rangi ni ile ile, jembe linaingia vile vile.

Ndipo likaja lile gugu. Wengine walisema limeletwa na mbegu za majani ya ng'ombe, wengine wakasema limekuja na matairi ya trekta la kukodi, mimi najua tu kwamba hapa kwetu halikuwapo na mwaka mmoja likawapo. Jani lake limechongoka kama ncha ya mkuki, na ukilitafuna meno yanakufa ganzi, ndiyo maana tukaliita mchachu. Lilianza kona ya juu. Msimu uliofuata lilikuwa limefika katikati, na lilipotoa maua shamba zima likawa jekundujekundu kama bati lililoshika kutu. Mahindi yalisimama humo ndani yamedumaa, na rangi yake kama ya mtu aliyetoka wodini.

Kaka hakukaa bure. Alileta vibarua wakang'oa, lakini mizizi ya mchachu ni kama nyuzi, inatambaa chini kwa chini, na kila kipande kilichokatika kilichipua mche wake, kwa hiyo waling'oa gugu moja wakaacha matano. Alileta dawa ya kupuliza, majani yakanyauka, tukadhani yamekwisha, mvua ikanyesha yakarudi manene kuliko mwanzo. Alichoma moto. Alilima mara mbili. Jioni nilikuwa namwona kutoka tanurini, amesimama peke yake kwenye tuta, mikono kiunoni, akiliangalia shamba kama mtu anayeangalia mtoto aliyemtukana.

Siku hizo ofisi ya kilimo ilituletea bibi shamba mgeni, msichana mwembamba mwenye mkoba wa vichupa. Alikuja tanurini kwangu akiulizia chokaa. Nikamwambia hapa tunauza ya kupaka kuta. Akacheka, akaniambia, "Mama, hiyo hiyo ndiyo udongo wa huku unaililia." Akaketi juu ya gunia, akachota udongo wa upande wa pili wa njia, ndio huo wa kaka yangu, akautia kwenye kichupa, akadondoshea dawa, maji yakageuka rangi ya chungwa. Akaniambia huo ni uchachu mkali, mahindi hayauwezi, hata ukiyawekea mbolea hayaioni, lakini mchachu unauweza, ndipo penye raha yake. Akasema neno moja nikalishika mpaka leo: "Chokaa haiui gugu hili, mama. Chokaa inayaponya mahindi, na mahindi yakipona ndiyo yanayolinyima gugu jua na nafasi." Nilimwuliza maswali mpaka akakosa basi la kurudi, akalala hapa hapa. Nilijisikia kama mtu aliyeambiwa kwamba lugha anayoizungumza tangu utotoni ina maana nyingine nzuri zaidi.

Kesho yake asubuhi nilikwenda kwa kaka. Nilikuta watu wamejaa uani, kulikuwa na arusi ya jirani na yeye ndiye mzee wa shughuli. Ningengoja. Sikungoja, nilikuwa na furaha mno. Nikamwambia palepale, "Kaka, nimepata dawa ya shamba lako. Nipe siku mbili na watu wanne, nitakumwagia chokaa." Akaniangalia, akawaangalia wageni wake, akasema kwa sauti, "Mnamsikia Majivu? Anataka kulipaka shamba langu chokaa kama ukuta wa choo!" Uani wakaangua kicheko. Mwingine akadakia, "Akimaliza atie na madirisha!"

Niligeuka nikaenda zangu. Sikulia, na nataka mjue kwamba sikulia. Nilimwambia mume wangu, baba yenu, kwamba mguu wangu hautakanyaga kule mpaka huyo mtu aje tanurini kwa miguu yake mwenyewe. Na haukukanyaga. Misimu ikapita. Tulipishana njiani yeye akiangalia juu na mimi nikiangalia juu, mpaka watu wakatutania kwamba ukoo wetu una ugonjwa wa shingo.

Aliyetuponya ni wifi yangu, mama yako wewe, mwana wa kaka, na usikubali mtu akwambie mama yako alikuwa mpole tu. Asubuhi moja nimeinama mlangoni mwa tanuri nikasikia mtu nyuma yangu anasema, "Wifi, nimekuja kuiba."

Nikainuka. "Kuiba nini?"

"Chokaa. Kaka yako asijue. Watoto wanakula uji wa kununua na mimi ni mke wa mkulima."

Nikamwambia, "Mguu wangu nimeuapia haufiki kule."

Akasema, "Sijaja kuchukua mguu. Nipe chokaa na unifundishe mikono."

Nilimfundisha hapa uani, namna ya kunyunyiza kwa kufuata upepo, namna ya kuichanganya na udongo kwa jembe isibaki juu. Tulichagua ukanda mmoja mwembamba nyuma ya nyumba yao, ambako kaka haendi, kwa sababu ndiko kwenye majivu ya jikoni na banda la kuku. Alibeba chokaa kwenye ndoo ya maji ameifunika kwa kanga, safari kwa safari, mumewe akimwona anadhani anatoka kisimani. Tulicheka sana, wifi na mimi. Nilimpenda tangu siku hiyo, na bado namkosa.

Mvua zikaja. Sikukanyaga kule, lakini nilipanda juu ya rundo la mawe nikachungulia. Shamba zima lilikuwa na ile kutu yake, na nyuma ya nyumba palikuwa na ukanda wa kijani kibichi ulionyooka kama mkeka uliotandikwa. Mchachu ulikuwamo, mmoja hapa mmoja pale, mwembamba, umepauka, uko chini ya mahindi kama mtu aliyefichwa na umati. Nilikaa juu ya yale mawe mpaka jua likaniunguza. Nilikuwa nimechoma chokaa miaka na miaka ikaenda kwenye kuta za watu, na hiyo ndiyo mara ya kwanza kuiona ikiota.

Siku moja baadaye nikasikia kikohozi cha kaka yangu. Alikuwa amesimama pale kwenye geti la tanuri, kofia mkononi. Aliutazama moshi unavyopanda, halafu akasema, "Moshi wako umezidi leo."

Nikasema, "Umezidi kila siku. Leo ndiyo umekuja kuuona."

Akageuza kofia. "Ule ukanda nyuma ya nyumba..."

"Una nini?"

"Una mahindi."

"Shamba la mkulima lisiwe na mahindi liwe na nini?"

Hapo akacheka, mimi nikacheka, tukacheka mpaka wachomaji wakaacha kazi kutuangalia, na kaka yangu akaketi juu ya mawe akafunika uso kwa kofia, na nikajua kwamba chini ya ile kofia hacheki tena. Hakuomba radhi, nami sikumtaka aombe. Alisema tu, "Dada, nipakie." Tangu siku hiyo hakuniita Majivu.

Sasa sikilizeni vizuri, kwa maana hapa ndipo watu wanapoharibu. Kaka alifurahi kupita kiasi. Kile kipande cha chini, karibu na kijito, alikimwagia chokaa mpaka kikawa cheupe, akidhani ikiwa kidogo ni nzuri basi nyingi ni nzuri zaidi. Na chokaa ya kuchomwa ni kali. Mahindi yakaota na michirizi ya manjano, yakasinyaa, na badala ya mchachu likaja gugu jingine la maua meupe madogomadogo kama punje za mchele, gugu ambalo halijali udongo usiochachuka, linaustarehea. Alikuja mbio amechanganyikiwa: "Dada, tumefukuza mwizi kwa mlango wa mbele, mwenzake kaingia kwa dirisha!" Bibi shamba akaja na vichupa vyake, maji yakageuka kijani iliyokolea, akatutuliza, akasema kila gugu lina udongo unaolipenda, kwa hiyo pimeni kwanza, tieni kiasi, na jembe msiliweke chini. Ni yeye aliyenishauri kwamba kwa mashamba nisage jiwe bila kulichoma, ni pole zaidi, linafanya kazi taratibu na halimwadhibu anayekosea kipimo. Ndiyo asili ya ile mashine ya kusaga, mkubwa wangu. Nilikuwa mtu wa kwanza huku kuwa nayo, na magari yalikuja kutoka mbali kuliko nilivyowahi kusafiri mimi. Waliokuwa wanacheka kwenye ile arusi walipanga foleni getini kwangu na magunia kwapani, na yule wa madirisha alikuwa wa tatu. Nilimpimia sawasawa. Nilimwuliza tu kama atahitaji na madirisha.

Kaka yangu alipougua, wifi akiwa ameshatangulia, aliniita. Wewe, mwana wa kaka, ulikuwa shule. Alikuwa ameandikisha shamba kwa jina langu, akaniambia mbele ya mashahidi, "Baba alinipa udongo, dada akanipa shamba. Nalirudisha kwa mwenyewe." Kwa hiyo, dereva, hukukosea kumwambia yule bwana kwamba ni la mama yako. Ni langu. Nimepewa mchana kweupe na mtu aliyewahi kunicheka, na katika mali zote nilizopata hiyo ndiyo ninayoivaa kifuani.

Na kwa kuwa ni langu, naligawa nitakavyo.

Hivi karibuni mchachu umerudi kona ya juu. Hamkujua, ninyi wawili. Dereva ulikuwa unapitisha wanunuzi, mkubwa ulikuwa na kazi za tanuri. Huyu hapa, ambaye anashona nguo za watu wiki nzima na siku ya mapumziko anashika jembe kwenye shamba ambalo hana hata karatasi yake, aliliona jani moja. Moja. Akalitafuna, akaja kwangu na udongo umefungwa kwenye kipande cha kitambaa, akaniambia, "Shangazi, kule juu kumeanza kuchachuka. Nimempelekea bibi shamba apime kabla sijatia kitu." Sikumwonyesha uso wangu siku hiyo. Nilimwambia alete chai, na alipotoka nikamshukuru Mungu.

Basi shamba lote, kuanzia barabarani hadi kijitoni, nalitoa kwa mwana wa kaka. Wakili ameshaandika, na bibi shamba, ambaye siku hizi ana mvi kama mimi, ameweka sahihi ya ushahidi. Usilie, mwanangu, utaniliza na mimi sina pumzi ya kulia. Hupewi zawadi. Unapewa kazi. Likikushinda useme, usiliuze kimyakimya.

Tanuri na mashine ni vyako, mkubwa wangu, na jina langu lililoandikwa getini ulifute uandike lako. Usiwe na haya. Dereva wangu, usikunje uso, nakuona. Nyumba hii ni yako, na lori ni lako, na wewe ndiye utakayebeba chokaa kwenda kwa dada yako huyu kila kabla ya mvua, si kwa kulazimishwa, kwa sababu baba yake alikubeba mabegani ulipovunjika mguu mpaka hospitali, na wewe ulimtapikia shingoni. Muulize mkubwa wako, alikuwepo. Yule bwana wa maghala mwambie mama anamsalimu, na viatu vyake ni vizuri.

Msigombane kwa kupishana njiani mkiangalia juu. Mimi na kaka tulipoteza misimu ile yote... ningeitaka hata mmoja leo. Mkikosana, nendeni mkacheke kwanza, halafu mzungumze.

Maji. Kidogo. Basi.

Mkinizika, nizikeni upande wa baba yenu, mwili uoshwe vizuri, kucha pia... hata hivyo weupe wa kucha hautatoka, uacheni. Nimeupata kwa haki.

Nipeni mikono. Yote. Huu wa nani, wa baridi hivi? Dereva. Haya. Mungu awape ardhi inayowajibu mnapoilima. Awape watoto watakaowauliza maswali magumu. Awazibie midomo siku ya hasira na kuifungua siku ya... siku ya kupatana. Nimekuridhieni, mmoja mmoja. Sina kinyongo na... na yeyote.

Huo ni upepo? Dirisha hilo... ndiyo, umegeuka, unatoka kijitoni. Mawingu yako wapi? Basi mnangoja nini hapa? Kona ya juu imeshapimwa na haijatiwa kitu, na chokaa iliyopakiwa kwenye lori ikinyeshewa inakuwa mawe. Nendeni. Nyote... wewe pia, mwana wa kaka, wewe kwanza, ni shamba lako. Mkubwa, mpe zile glavu mpya. Msinikalie hapa mkihesabu... pumzi zangu. Acheni mlango wazi, nisikie lori likiwaka.

Nendeni, wanangu. Nendeni kabla ya...